Bunduki Mbili na Risasi Namba Nne

Kwa miaka mitatu Kimya alilinda geti la nyuma la ghala la nafaka akiwa na rungu, tochi na filimbi. Filimbi yenyewe aliipuliza mara mbili tu katika miaka hiyo yote: mara moja kumfukuza mbuzi aliyekuwa anakula gunia, na mara moja kujaribu kama bado inalia. Jina la Kimya alipewa na walinzi wenzake. Hakuwa bubu wala hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza, na mpaka amalize kutazama wenzake walikuwa wameshasema yote.

Zamu yake ilikuwa ya usiku. Nyumbani kwake, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya mumewe seremala, alikuwa na binti wa miaka sita aliyeng'oka meno mawili ya mbele kwa mkupuo. Mtaa mzima ukamwita Kibogoyo, naye akaitika bila kinyongo. Mama na mtoto walikuwa wanapishana mlangoni, mmoja anarudi na sare ya kazi, mwingine anatoka na sare ya shule. Kibogoyo alikuwa na mengi ya kusimulia, na muda wa kuyasimulia haukuwapo, basi akabuni njia yake. Alichukua uzi wa katani kwenye karakana ya babake, na kila alipopata jambo la kumwambia mama alifunga fundo. Jumapili, siku ya mapumziko ya mama, alikaa naye kitandani na uzi wake mapajani.

"Hili la kwanza lilikuwa nini?" Kimya aliuliza.

Kibogoyo aliligeuzageuza lile fundo, akalinusa hata. "Lilikuwa jambo kubwa," alisema. "Nimelisahau."

Na la pili vilevile, na la tano. Kimya alicheka naye, kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka, ili mtoto asimwone uso.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa moja. Geti kuu la ghala lililindwa mchana, na mlinzi wa geti kuu alibeba bunduki. Nafasi mbili zilikuwa wazi. Aliyezitaka alipaswa kupita jaribio la Sajini, mkuu wa walinzi, kule kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa: makopo matano, risasi tano, hatua thelathini, Sajini anahesabu kwa sauti mpaka kumi na tano. Ukiangusha manne, umepita. Ukiangusha pungufu, au bunduki ikikukwama mkononi mpaka hesabu ikakwisha, unarudi kwenye rungu lako kwa mwaka mzima kabla hujaruhusiwa kujaribu tena. Kimya alipiga hesabu ya mwaka mzima kwa mafundo ya uzi, akaona hautatosha hata uzi wa kufungia meli.

Waliojiandikisha walikuwa wawili, yeye na kijana mmoja mrefu wa geti la mashariki aliyeitwa Mbwembwe. Na bunduki zilizokuwapo zilikuwa mbili, moja mpya na moja kuukuu, zote za ile aina ambayo walinzi huiita pampu, kwa sababu kabla ya kila risasi unauvuta mkono wake wa chini nyuma na kuusukuma mbele. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mtu anachagua bunduki yake siku moja kabla ya jaribio, anatia sahihi, na hiyo ndiyo atakayoibeba kazini. Kwa kuwa Kimya alikuwa na miaka mingi zaidi kazini, yeye ndiye wa kuchagua kwanza.

Asubuhi ya siku ya kuchagua alimkuta mumewe karakanani anapiga randa ubao wa mlango, kalamu sikioni, maranda yamemjaa nywele.

"Baba Kibogoyo, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

"Mpya," alisema bila kuinua kichwa. "Hilo nalo la kuuliza?"

Kimya aliitazama ile randa. Ilikuwa ya marehemu babake mkwe, na mpini wake ulikuwa umelika mpaka umepata umbo la kiganja. "Na wewe mbona hujanunua randa mpya?"

"Randa ni randa, Mama Kibogoyo. Hakuna anayesimama barabarani kuangalia randa yangu. Wewe utasimama getini na watu watakuona." Aliupuliza ubao, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka. "Halafu mimi sina haja ya kifaa kipya. Hakijatoka kitu kombo katika mikono hii tangu nianze kazi, na unajua."

"Najua," alisema Kimya, kwa kuwa alikuwa anaambiwa hivyo kila wiki.

"Chukua inayong'aa," alisema Kibogoyo akiwa mlangoni na mkoba wa shule.

Silaha za ghala zilitunzwa kwenye chumba chenye mlango wa chuma, na mtunzaji wake alikuwa Mama Ghala, mwanamke mnene, mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Zamani yeye mwenyewe alikuwa mlinzi wa geti kuu, mpaka goti lilipokataa kusimama. Alikuwa na utaratibu wake na aliushika kama sala. Kila bunduki ilikuwa na rafu yake, kitambaa chake, chupa yake ya mafuta, na boksi lake la risasi bandia za kujifunzia. Kitu cha bunduki hii hakikugusa bunduki ile. Hata vitambaa alivifua siku tofauti.

Alitandika blanketi mezani, akazilaza zote mbili baada ya kuzifungua na kuonyesha kwamba ni tupu. "Haya, mwanangu. Zitazame unavyotaka. Ila ujue ni kama kuolewa, ukishatia sahihi hapa hakuna kurudisha kwa wazazi."

Ile mpya ilikuwa nyeusi ya kumeremeta, bado inanuka kiwandani. Ile kuukuu ilikuwa imekwaruzwa mtutu, na mkono wake wa kuvutia ulikuwa umepauka mahali ambapo kiganja hukaa.

Hapo hapo Mbwembwe aliingia, miwani ya jua usoni ingawa chumba kile hakikuwa na dirisha. "Shikamoo, mama. Dada Kimya, mambo? Nimepita tu." Aliomba ruhusa, akaichukua ile mpya, akaivuta kwa mkono mmoja, krak-krak, kama mtu anayepigwa picha.

"Umepita tu," alisema Mama Ghala.

"Chukua hii hii mpya, dada," alisema Mbwembwe kwa sauti ya mtu anayetoa figo. "Mimi nitajua la kufanya."

"Umeshamwambia nani kwamba utapewa mpya?" Kimya aliuliza.

Mbwembwe alivua miwani. "Mama yangu tu."

"Na yeye?"

"Yeye kawaambia majirani. Wachache. Wa upande huu wa barabara, na wa upande ule."

Wote watatu walicheka, na Mbwembwe akatoka akiwa bado anageuka nyuma kuiangalia bunduki.

Kimya alivuta kigoda akakaa. Alianza na ile mpya. Boksi lake lilikuwa na risasi bandia tano za plastiki zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Alizitia, akaweka kitako begani, akavuta. Mkono ulikuwa mgumu, na kitako kilikuwa kirefu. Kabla hajafika mwisho wa kuvuta kiwiko chake kilikuwa kimeshaisha njia. Mara nyingi risasi ilitoka vizuri. Mara nyingine ilibaki nusu ndani nusu nje. Katika ishirini, tatu zilimkwama.

"Hiyo haina kosa," alisema Mama Ghala. "Ni ngumu kwa sababu ni mpya, na inataka mkono mrefu. Usipoivuta mpaka mwisho inakususia."

Kisha akachukua ile kuukuu. Kitako kilimkaa begani kama kilikuwa kinamsubiri.

"Kilikatwa," alisema Mama Ghala, na sauti yake ikashuka. "Fundi wa silaha alinikatia mimi. Miaka minane nimesimama nayo hiyo getini. Haikuwahi kunikwama hata siku moja. Sasa, sijui. Tumezeeka pamoja. Mimi goti, yenyewe kikohozi."

"Kikohozi gani, mama?"

"Ivute utaona."

Boksi la ile kuukuu lilikuwa na risasi bandia tano za mti, zimechongwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu. Kimya alizitia, akavuta. Ulikuwa mvuto wa sabuni kwenye maji. Moja, mbili, tatu, kisha kwa! Imekwama. Aliitoa, akaendelea, ya tano ikapita laini.

"Umeona? Mara moja katika kila tano," alisema Mama Ghala. "Watu wanne wameikataa kwa ajili hiyo. Sajini ameshaandika barua ipelekwe ikayeyushwe. Inaondoka mwisho wa mwezi." Alianza kuipangusa miwani yake ambayo haikuwa na uchafu.

Mtu mwingine angetia sahihi ya ile mpya akaenda zake. Kimya alizitia tena zile tano. Safari hii ilikwama ya kwanza, halafu nne zikapita. Mara ya tatu ilikwama ya mwisho. Mara ya nne ikakwama ya pili. Lakini daima moja, haikuzidi wala haikupungua.

Alikaa akizitazama zile risasi zilivyojipanga kwenye blanketi, nyekundu zote, zinafanana kama mayai. Bunduki yenye maradhi, alifikiri, ingekwama siku moja mara mbili na siku nyingine isikwame kabisa. Hii ilikuwa inahesabu kama mtu aliyekwenda shule.

"Mama, naomba chaki."

Aliziandika namba kwenye ncha za nyuma, moja mpaka tano. Alizichanganya kwenye mfuko wa suruali, akazitia bila kuangalia, akavuta. Iliyokwama ilikuwa namba nne. Akachanganya tena. Namba nne. Mara ya sita mfululizo namba nne ilipochungulia imekwama, Mama Ghala alikuwa ameinuka kitini bila kukumbuka goti lake.

"Naomba kujaribu hii hapa kwenye ile mpya," alisema Kimya.

Mama Ghala alitazama rafu ya kushoto, akatazama rafu ya kulia. "Sijawahi kuchanganya," alisema.

"Najua, mama."

"Miaka yote. Kila kitu na mwenzake."

"Ndiyo maana haikuonekana, mama."

Mama Ghala alifunga mlango wa chuma, kama watu wanaotaka kufanya jambo la aibu. "Haya. Haraka."

Namba nne ilipotiwa kwenye ile mpya, nayo ikakwama, kwa! Kisha Kimya alizitia zile za plastiki kwenye ile kuukuu. Alivuta mara hamsini. Zilitoka zote, moja baada ya nyingine, zikadondoka kwenye blanketi kama njugu. Mama Ghala alihesabu kwa sauti, na alipofika hamsini alikaa chini, akaicheka bunduki yake, akajicheka mwenyewe, akafuta machozi kwa kitambaa cha bunduki, tena cha ile nyingine.

"Kumbe huna ugonjwa," aliiambia bunduki. "Miaka saba nakupa pole ya bure."

"Hizi za mti alizichonga nani, mama?"

"Kijana mmoja seremala, karakana ya njia ya sokoni. Za zamani zilipotea, nikampelekea moja ya mfano. Kijana mwenye kalamu sikioni, maneno mengi. Aliniapia kwamba hakijatoka kitu kombo mikononi mwake."

Kimya alikohoa kidogo. "Anasema hivyo mpaka leo," alisema.

Alipokuwa anatia sahihi, Sajini alisimama mlangoni na faili kwapani. Alisoma namba ya bunduki kwenye daftari kichwa chini miguu juu, akakunja uso. "Hiyo ya kikohozi? Umechoka na kazi, wewe?"

"Hapana, afande. Nimechoka na usiku."

Lakini kesho yake, kule machimboni, hakuwa na uhakika ule wa mezani. Plastiki ni plastiki. Bunduki ile haikuwa imepigwa risasi ya kweli tangu Mama Ghala aondoke getini, na kama kulikuwa na kikohozi kingine ndani yake, leo ndiyo siku kitakayosikika. Alimwona Mama Ghala anakuja polepole kati ya mawe, fimbo mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Hakuwa na wajibu wa kuwapo. Alisema amekuja kunyoosha goti.

Mbwembwe alitangulia. Alisimama miguu imepanuka, akapiga kopo la kwanza likaruka. Alivuta bunduki yake mpya kwa madaha, nusu tu, krak, kama alivyozoea kufanya mbele ya kioo, na ikakwama. Sajini alihesabu: nne, tano. Mbwembwe aliitikisa. Sita, saba. Miwani ya jua ilianguka. Kimya, ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemsikia akipaza sauti, alipaza.

"Mpaka mwisho, kaka. Vuta mpaka mwisho."

Mbwembwe alivuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Risasi iliyokwama iliruka nje. Kutoka hapo alisahau madaha yote, alivuta na kupiga, na kopo lake la nne lilianguka Sajini akiwa anatamka "kumi na tano."

"Nani alisema neno?" Sajini aliuliza, akiwageukia.

Kila mtu alitazama mawe. Mama Ghala alitazama mwavuli.

"Kopo la nne limeanguka ndani ya hesabu," alisema Sajini hatimaye, akaandika. "Anayefuata."

Kimya alisimama kwenye mstari. Kitako kilikaa begani mahali pake. Kopo la kwanza lilianguka, akavuta, laini. Kwa kuwa alikuwa anaisikiliza bunduki badala ya kulitazama kopo, la pili alilikosa. Sasa hakuwa na kopo lingine la kukosa. Matatu yaliyobaki yote yalikuwa ya lazima. Alivuta. La tatu likaanguka. Akavuta, na hapo mkono wake ukakumbuka namba nne, ukangoja ile sauti ya kwa! Haikuja. Risasi ya nne iliingia kama wenzake, na kopo likapinduka mara mbili hewani. Ya tano hata hakuisikia ilivyoingia, aliona tu kopo la mwisho likianguka. Sajini alikuwa amefika kumi na moja tu alipoona hakuna tena cha kuhesabia.

Sajini alikuja akaichukua ile bunduki, akaivuta mara tatu ikiwa tupu, akatega sikio. "Nani kaiponya?"

"Haikuwa inaumwa, afande," alisema Mama Ghala, kidevu juu. "Naomba ile barua yako. Nataka kufungia maandazi." Kisha akamshika Kimya mkono, akamtia kitu kiganjani. Kilikuwa namba nne. "Mpelekee fundi wako. Mwambie ghala halina matumizi nayo."

Mbwembwe alikuja amebeba miwani iliyovunjika kioo kimoja. "Dada, nimekuwa mdeni wako wa maisha. Ila mama yangu akikuuliza, sikukwama."

"Hukukwama," alisema Kimya. "Ulikuwa unawaza."

Alifika nyumbani jua likiwa bado liko juu ya mabati. Mumewe alipomwona tu anavyotembea alijua, akaiweka randa chini, akamwinua mkewe na sare na buti zake, maranda yakamwagika kutoka nywele za mmoja mpaka za mwingine. Kibogoyo alizunguka miguu yao akiuliza kama mama alipewa inayong'aa.

"Nimechukua kuukuu," alisema Kimya aliposhushwa. "Na hii ni ya kwako." Akampa.

Seremala aliitambua kazi yake mara moja. "Hii mimi ndiye niliyeichonga," alisema kwa fahari. "Angalia ilivyonyooka."

"Pima unene."

Alitoa kipimo mfukoni, akabana, akasoma. Akafuta kipimo kwa shati, akasoma tena. Fahari ilimshuka taratibu kutoka kwenye nyusi mpaka mabegani. "Imezidi," alisema. "Kidogo. Karatasi mbili hivi." Akakaa kwenye benchi. Kimya alimsimulia yote, ya chaki na ya plastiki na ya barua ya kuyeyusha, na kwa mara ya kwanza tangu waoane yeye ndiye alikuwa anaongea na mumewe ndiye yuko kimya.

Alipomaliza, seremala aliigeuza ile risasi ya mti mbele ya mwanga. "Nilizichonga siku moja zote tano," alisema. "Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja nilipima. Nikiwa kwenye ya nne akaingia msichana na kigoda kilichovunjika mguu. Hakusema kitu. Akasimama pale pale uliposimama wewe, ananitazama."

"Nilikuwa nakusubiri umalize."

"Mimi nitajuaje? Ulinitazama mpaka nikaona mikono yangu si yangu. Nikaitia hiyo kwenye boksi bila kuipima. Ya tano nilichonga ulipokwisha ondoka."

Kimya alicheka mpaka akashika ubao wa mlango. "Kwa hiyo kosa ni langu."

"La nani mwingine?"

Kibogoyo aliichukua ile risasi, akaifunga kwenye ncha ya uzi wake wa mafundo, akaitundika kwenye msumari juu ya benchi, karibu na randa ya babu, na hakuna aliyemkataza. "Mama, kesho unarudi saa ngapi?"

"Saa hii. Jua likiwepo."

"Na kesho kutwa?"

"Saa hii hii."

Mtoto alifikiria hilo kwa muda, ulimi kwenye pengo la meno. Uzi wake sasa ulikuwa juu, mbali na mkono wake. Aliutazama mara moja tu. Jioni iliyofuata Kimya alimkuta amekaa kwenye ngazi ya karakana na viatu vya shule bado miguuni, na kabla hata mama hajavua kofia alishaanza: mwalimu alikuwa amekalia chaki, halafu akageukia ubaoni, darasa zima likaona.

Kimya alikaa chini kando yake, akanyoosha miguu.

"Halafu?" alisema.